Sahani Inayozidi Kupungua: Hofu ya Chakula Miongoni mwa Wanafunzi wa Lubumbashi

Mtoto wa dada yangu, ambaye anasoma mwaka wa tatu chuoni hapa Lubumbashi na hurudi kwetu Kamalondo kila mwisho wa juma, alianza kwa kuacha mafuta ya mawese, na sisi sote nyumbani tukamsifu. Miezi michache baadaye aliacha sukari, tukamsifu tena, maana baba yake ana kisukari na tulidhani kwamba binti amepata funzo mapema. Kisha akaacha bukari, yaani ugali, kwa kuwa alisoma kwenye simu yake kwamba wanga ni adui wa mwili. Akaacha samaki wa barafu. Akaacha maharagwe ya sokoni. Na mwishowe akaacha chakula chochote kilichopikwa na mkono usio wake. Jumapili moja, tulipokuwa tumeketi kuzunguka sinia, alitoa mkobani bakuli la plastiki lenye matango, nusu parachichi na mbegu alizozinunua mjini kwa bei kubwa, akaniambia kwa adabu, "Mama mdogo, msinisubiri, mimi nitakula yangu." Hakuna aliyeudhika siku ile. Tulimwona kuwa kijana anayejitunza. Ulipita karibu mwaka mzima kabla ya mama yake kugundua kwamba binti hakuwa amepata hedhi kwa miezi mitano, kwamba alikuwa akivaa sweta katika joto la mwezi wa kumi, na kwamba alikuwa ameacha kuhudhuria harusi, matanga na sikukuu za rafiki zake, kwa sababu mahali pote pa aina hiyo huandaliwa chakula ambacho hakujua kilivyopikwa.

Ninayaandika haya kwa idhini yake, bila jina lake, kwa sababu tangu wakati huo nimezungumza na wazazi na walimu kadhaa wa mji huu walionisimulia mambo yanayofanana mno na yetu. Kinachonisumbua ni kwamba kila hatua aliyopiga, ukiitazama peke yake, ilikuwa na sababu inayokubalika. Shirika la Afya Duniani lenyewe linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku na ale walau gramu 400 za matunda na mboga. Hakuna atakayemlaumu kijana kwa kupunguza soda au makayabo, yaani samaki wakavu wenye chumvi kali. Mwenye kisukari anayepima chakula chake hana ugonjwa wa akili, na Msabato asiyekula nguruwe hana, wala asiyekula nyama kwa hiari yake hana. Kasoro ilijengeka polepole katika mwelekeo wa hatua zenyewe: kila sheria ilizaa sheria nyingine, hakuna hata moja iliyolegezwa, na kila chakula kilichoondoka sahanini kiliondoka na kipande cha maisha yake, awe ni rafiki, iwe ni ibada ya pamoja, usingizi au saa ya kusoma. Ndiyo maana nashikilia kwamba anayetaka kuitambua hali hii asihangaike na vilivyomo kwenye sahani. Ahesabu vilivyopotea kandokando yake.

Hali hii ina jina. Mwaka 1997 daktari Mmarekani Steven Bratman, ambaye ujanani aliwahi kuwa mpishi na mkulima katika jumuiya moja ya wapenda vyakula vya asili katika jimbo la New York, aliandika makala kuhusu tabia aliyoiona kwa wagonjwa wake na, kabla yao, kwake mwenyewe: kufikiria usafi wa chakula kutwa nzima, kujisifu moyoni kwa kila mlo uliofuata sheria, na kujiadhibu kwa kufunga au kuongeza masharti pale sheria ilipovunjwa. Aliiita othoreksia, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, orthos, yaani sahihi, na orexis, yaani hamu ya kula. Aliilinganisha na anoreksia, ambayo madaktari walikuwa wameijua zamani, kwa tofauti moja kubwa: mwenye anoreksia anaogopa wingi wa chakula na unene, ilhali huyu anaogopa uchafu wa chakula na sumu. Katika maisha halisi hofu hizo mbili mara nyingi hukaa chumba kimoja, na anayesema anatafuta usafi huenda pia anafurahia kupungua kwake, bila kuthubutu kulisema hilo kwa sauti.

Ni haki kusema pia kwamba othoreksia haijaingizwa rasmi katika vitabu vikuu vya utambuzi wa magonjwa. Haimo kama ugonjwa unaojitegemea katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013, wala katika toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa lililoanza kutumika mwaka 2022. Wataalamu bado wanabishana: wengine wanaiona kuwa tawi la anoreksia, wengine wanaiweka karibu na ugonjwa wa mawazo ya kujilazimisha, na wengine wanaona kwamba inastahili nafasi yake. Ubishi huo ni wa kitaalamu na una maana yake, lakini mama anayemwona binti yake akitetemeka kwa baridi mwezi wa kumi hana haja ya kungoja umalizike.

Ubishi huo umetokana kwa sehemu kubwa na ugumu wa kupima, na hapa napenda kukaa kidogo, kwa sababu takwimu zinazozungushwa kwenye simu zetu kuhusu jambo hili zinapotosha pande zote mbili. Mwaka 2005 watafiti wa Italia walichapisha dodoso la maswali 15 ambalo limetumika tangu hapo katika nchi nyingi, mara nyingi kwa wanafunzi wa vyuo vikuu, maana hao ndio watu walio karibu zaidi na mtafiti. Katika baadhi ya nchi dodoso hilo lilitoa matokeo ya kutisha, kana kwamba nusu ya vijana ni wagonjwa. Kisha mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa kwa wanafunzi 275 wa Marekani. Kwa kutumia dodoso lile, asilimia 71 yao walihesabiwa kuwa na othoreksia. Lakini watafiti walipoongeza swali la kama ulaji huo umemletea mhusika madhara ya afya au umeharibu maisha yake ya kila siku, idadi ilishuka chini ya asilimia 1. Watu walewale, chuo kilekile. Dodoso lilikuwa limepima nani anajali chakula, na kujali chakula si maradhi.

Hebu tulichukue dodoso hilo hadi kwenye kampasi ya Kasapa ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Swali mojawapo linauliza kama katika miezi mitatu iliyopita mawazo kuhusu chakula yamekuhangaisha. Bratman naye, katika maswali yake ya awali, aliuliza kama mtu hutumia zaidi ya saa tatu kwa siku akifikiria chakula bora. Mwanafunzi wa bwenini anayepika kwa mbabula, yaani jiko la makaa, ambaye lazima kwanza atafute makaa, kisha maji, kisha achange fedha na wenzake wa chumba ili wapate unga, na ambaye anajua kwamba unga ukichelewa mpakani Kasumbalesa bei itapanda kabla ya Ijumaa, atajibu ndiyo kwa maswali yote mawili bila kusita. Saa tatu kwake ni chache. Jibu lake halitakuwa uongo, ila halitatueleza lolote kuhusu othoreksia. Litatueleza kuhusu njaa na bei ya mahindi yanayotoka Zambia. Kwa hiyo naogopa siku ambayo mtu ataleta dodoso hilo hapa, alitafsiri upesi, na kututangazia asilimia kubwa. Hata hivyo naogopa zaidi kosa la upande wa pili, ambalo ndilo la kwetu hasa: kutouona kabisa ugonjwa huu kwa sababu katika mji huu kila dalili yake ina maelezo mengine yaliyo tayari. Wembamba tunauita umaskini wa mwanafunzi, kukataa kula tunakuita maombi, na masharti mengi tunayaita elimu.

Wapo wanaosema kwamba huu ni ugonjwa wa walioshiba, na kwamba mwanafunzi anayekula mara moja kwa siku hawezi kuupata. Siwezi kukubaliana nao. Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula vijana wanaume 36 waliojitolea, wote wakiwa wazima wa mwili na akili, kwa muda wa miezi sita, hadi wakapoteza takriban robo ya uzito wao. Jambo lililoshangaza halikuwa udhaifu wa miili, ambao ulitarajiwa. Vijana hao walianza kuota chakula, wakasoma vitabu vya mapishi usiku, wengine wakavikusanya. Wakakaa saa nyingi na mlo mmoja wakiukata vipande vidogovidogo na kuuchanganya kwa namna za ajabu. Wakajitenga, wakawa wepesi wa hasira, na baridi ikawasumbua. Hakuna aliyewafundisha tabia hizo. Mwili unaokosa chakula cha kutosha huifunga akili kwenye chakula, na hilo ni kweli kwa aliyekosa kwa sababu mfuko ni mtupu sawasawa na aliyekosa kwa sababu amejiwekea sheria. Maana yake ni kwamba kijana wa Kasapa ambaye tayari anakula kidogo yuko hatua moja karibu zaidi na shimo hilo: akiongeza masharti juu ya upungufu, ubongo wake utazidi kuzungumza habari za chakula, naye atayatafsiri mazungumzo hayo kuwa ni uangalifu wa afya.

Nilipomuuliza mtoto wa dada yangu anaogopa nini hasa, hakutaja unene. Alitaja vumbi. Hapo ndipo nilipoacha kufikiri kwamba hofu yake ililetwa na simu peke yake, na hapo pia ndipo naachana na waandishi wanaoliona jambo hili kuwa ni upuuzi wa vijana.

Lubumbashi ilizaliwa na shaba. Mji ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuru la kuyeyushia shaba lilianza kazi. Bomba lake la moshi na mlima mweusi wa taka zake bado ni picha ya kwanza ambayo mgeni huondoka nayo. Kwa miongo mingi moshi huo ulisukumwa na upepo juu ya mitaa ileile ambayo watu wake hulima mboga, na udongo wa upande ule umejaa shaba, kobalti, risasi na kadimi kuliko inavyostahili. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo vilivyoonyesha kwamba wakazi wa maeneo ya migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti nyingi mno mwilini, na watoto walikuwa miongoni mwa walioathirika zaidi. Tafiti zilizofuata zilitafuta njia ambazo madini hayo hupitia, nazo zilikuta mbili za kila siku: vumbi na chakula, zikiwemo mboga zinazolimwa papa hapa.

Kwa hiyo binti anayeitazama lengalenga, yaani mchicha, ya soko la mtaa wetu wa Kenya kwa mashaka hana wazimu. Ameona ukweli. Alipopotea ni pale alipodhani kwamba ukweli huo unaweza kutatuliwa ndani ya bakuli lake. Kuosha mboga kwa maji mengi huondoa vumbi lililotua juu ya jani, na ni jambo jema tulifanye sote. Lakini hakuna kuosha kunakoweza kuondoa madini yaliyofyonzwa na mizizi, hata mtu akirudia mara kumi kwa chumvi na ndimu, kama alivyokuwa akifanya hadi ngozi ya vidole vyake ikapasuka. Kula mboga za aina nyingi kutoka sehemu mbalimbali hupunguza hatari ya kulishwa na bustani moja iliyochafuka, na hilo ni kinyume kabisa cha alichokuwa akifanya, yaani kubaki na vyakula sita tu na kuvirudia kila siku. Zaidi ya hayo, mwili wenye upungufu wa madini ya chuma hufyonza kadimi na risasi kwa urahisi zaidi. Aliyejinyima samaki, maharagwe na nyama ili aikimbie sumu alikuwa akiifungulia sumu hiyo mlango mwingine.

Naomba msomaji anielewe vizuri katika hili, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Swali la kama mboga zetu ni safi ni swali la mji mzima. Linamhusu mwenye mgodi ambaye Sheria ya Madini, iliyorekebishwa mwaka 2018, inamtaka awe na mpango wa kulinda mazingira. Linazihusu mamlaka za jimbo zinazopaswa kusema ni bonde lipi halifai kulimwa mboga. Linawahusu wanaagronomia wa chuo kikuu, ambao wamepima udongo huo kwa miaka mingi na ambao matokeo yao yanastahili kubandikwa sokoni kwa Kiswahili. Swali kubwa kiasi hicho likikosa mlango wa kubishwa, huingia katika mwili wa msichana wa miaka 21, naye hulijibu kwa njia pekee iliyo mikononi mwake, kwa kukataa kula. Huko ni kubeba peke yake mzigo ambao wengi walipaswa kuuinua. Na wakati yeye anakonda kwa ajili ya usafi, mtoto wa jirani anaendelea kucheza katika vumbi lilelile, na mama muuza mboga anaendelea kumwagilia kwa maji yaleyale ya mto, maana hakuna hata mmoja wao aliyepata nafuu kwa kukonda kwake.

Liko pia jambo la upishi, ambalo linanigusa kwa namna nyingine kwa kuwa ni urithi wa mama zetu. Miongoni mwa mafundisho yanayopita kwenye simu za wanafunzi ni kwamba chakula kibichi ndicho chakula hai, na kwamba moto huua nguvu yake. Hivyo wanahimizwa kusaga majani mabichi na kunywa maji yake asubuhi kabla ya kitu kingine. Katika nchi ambako mboga ni spinachi na karoti, ushauri huo huenda usimdhuru mtu sana. Hapa kwetu mboga ya kwanza ni sombe, na majani ya muhogo mabichi yana viambata vinavyoachilia sayanidi. Mama anayetwanga sombe kinuni hadi ilainike kabisa, kisha akaichemsha kwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi, anaondoa sumu hiyo kwa njia ambayo maabara ingeithibitisha: kutwanga huvunja chembe za jani na kukiwezesha kimeng'enya chake chenyewe kuifungua sumu, na joto huifukuza pamoja na mvuke.

Nchi yetu inajua gharama ya kuruka hatua hizo. Ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ghafla na bila kurudi nyuma, ulielezwa kitabibu mwaka 1938 na daktari Trolli aliyeuona katika eneo la Kwango, na chanzo chake ni muhogo mchungu ambao haukulowekwa na kukaushwa inavyotakiwa, ukiliwa na watu wanaokosa protini. Mwili huihitaji protini yenye salfa, ile inayopatikana kwa wingi katika samaki, nyama na mayai, ili kuigeuza sayanidi kuwa kitu kisicho na madhara makubwa. Sisemi kwamba mwanafunzi anayekunywa maji ya majani mabichi atapata konzo kesho. Nasema kwamba anayeacha samaki na mayai kwa jina la usafi, kisha akaacha na moto kwa jina la uhai, ameyatupa mambo mawili ambayo bibi zetu waliyashika kwa sababu yalikuwa yakilinda watoto wao. Sombe iliyoiva, ikiwa na karanga na samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao, ni mlo wenye protini, kalsiamu na vitamini. Mafuta mekundu ya mawese, ambayo binti yetu aliyaacha kwanza, yana karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Vyakula hivi havihitaji kuombewa radhi mbele ya unga wa shayiri ulioletwa kwa ndege.

Kuhusu wauzaji nitasema machache. Wapo wanaozunguka mabwenini na kwenye makundi ya simu wakiuza unga wa kusafisha ini, chai za kutoa sumu na vidonge vya kukausha tumbo, na mara nyingi muuzaji mwenyewe ni mwanafunzi aliyeahidiwa kamisheni akiwaleta wenzake. Ini na figo za mtu mzima zinasafisha damu usiku na mchana bila kununuliwa. Chai nyingi za aina hiyo ni dawa za kuharisha, nazo zikitumiwa mfululizo hupunguza potasiamu mwilini, na potasiamu ikipungua sana moyo hupiga vibaya. Kijana aliyekwisha kukonda ndiye asiyepaswa kabisa kuzigusa, na ndiye mteja wao wa kudumu.

Suala la mfungo linahitaji heshima zaidi, kwa maana wengi wetu hufunga na tunaamini tunachokifanya. Katika makanisa yetu mengi ya uamsho wanafunzi hufunga kwa siku kadhaa kabla ya mitihani, wengine bila hata maji, na siwezi kumwambia mtu asimwombe Mungu wake. Ila ninaona alama inayoitofautisha ibada na maradhi. Mfungo una mwanzo na una mwisho: Mwislamu ana futari, Mkristo ana Pasaka, na mwisho wa mfungo ni meza ya watu wengi. Hofu ya chakula haina siku ya kufungua, na kila inapofika ukingoni husogeza ukingo. Mwanafunzi ambaye mfungo wa kanisa umekwisha, wenzake wamekula, naye ameanzisha mwingine wa peke yake kwa sababu anajisikia mchafu, anahitaji mchungaji mwenye busara ya kumwambia ale, na hiyo ni kazi ya kichungaji kama nyingine zote. Nimemjua mchungaji mmoja aliyefanya hivyo, tena kwa kuketi na kula naye, na nina hakika kwamba alimsaidia kijana yule kuliko mahubiri kumi.

Nimezungumza zaidi kuhusu wasichana kwa sababu ninamjua mmoja kwa karibu. Wavulana wanapitia njia iliyo sambamba, nayo ni ya misuli: kula ute wa mayai bila kiini, kuhesabu gramu za protini, kukataa bukari ya mama mbele ya wageni kwa sababu kocha wa mazoezi amesema hivyo. Kwa kuwa wanaonekana wenye nguvu, wanachelewa kugunduliwa kuliko dada zao.

Wazazi wengi huniuliza waanzie wapi, na jibu langu la kwanza ni kwamba waache kusifu. Hatukujua kwamba kila sifa tuliyompa mtoto wetu kwa kuacha kitu ilikuwa ikimwambia kwamba kuacha ndiko kunakompendeza mtu. La pili ni kuacha kugombana juu ya sinia, kwa sababu mwenye hofu akilazimishwa mbele ya watu atajifunza kuficha tu, na wanafunzi hujua kuficha: watasema walikula chuoni, na chuoni watasema walikula nyumbani. Yafaa kumuuliza faraghani maswali ambayo hayahusu uzito: ni lini mara ya mwisho alikula chakula alichopikiwa na mtu mwingine, nini kinatokea moyoni mwake akivunja sheria yake, ni mwaliko gani aliukataa mwezi huu kwa sababu ya chakula. Kwa msichana, hedhi iliyokoma ni dalili ambayo haipaswi kuachwa ipite, kwa kuwa mifupa huendelea kujengwa hadi kuelekea umri wa miaka 30, na mwili unaokosa nishati huacha kuijenga. Kizunguzungu anaposimama, mapigo ya moyo yaliyopungua mno, kuzimia, au miguu inayovimba ni mambo ya kumpeleka hospitali siku hiyohiyo. Na aliyekonda sana asirundikiwe chakula kwa furaha ya familia siku anapokubali kula. Mwili uliozoea njaa ukipewa wanga mwingi ghafla unaweza kupungukiwa ghafla na fosfeti, madini ambayo moyo huyahitaji, katika damu, na moyo ukasimama. Daktari ndiye anayepaswa kuuongoza mwanzo huo.

Upande wa akili, tiba inayotumika ni ile ya mazungumzo, ambamo mtu hufundishwa kuikabili hofu yake kidogokidogo, na mji wetu hauko mtupu kabisa: kuna idara ya saikolojia chuoni, kuna kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain. Tatizo ni aibu. Familia nyingi ziko tayari kumpeleka binti kwa mtu wa maombi mara saba kabla ya kumpeleka kwa mwanasaikolojia mara moja, kwa kuwa wanaogopa jirani atasema amerukwa na akili. Dada yangu naye aliogopa hivyo, na tulipoteza miezi mitatu ambayo haikuwa lazima tuipoteze.

Mwanasaikolojia aliyempokea hatimaye alimtaka aandike vyakula vyote alivyoviacha na kuvipanga kwa kadiri anavyoviogopa, kuanzia kile kinachomtisha kidogo hadi kile asichoweza kukitazama. Orodha ilikuwa na vyakula 14. Anarudisha kimoja kwa wakati wake, akikila mara kadhaa katika wiki, na mwanasaikolojia huuliza kuhusu hofu kabla na baada ya mlo, hajamuuliza hata siku moja kuhusu kilo. Alianza na ndizi ya kuchemsha. Maharagwe yalichukua karibu mwezi, bukari ikawa nyepesi kuliko tulivyotarajia. Jumapili iliyopita alifika namba ya tisa, yaani lengalenga iliyooshwa na kupikwa na mama yake bila yeye kusimama jikoni kusimamia. Alikula nusu, akanywa maji, akabaki mezani hadi sote tulipomaliza. Mafuta ya mawese, ambayo yalikuwa ya kwanza kuondoka, ni namba 14.